Mlinzi mmoja si sawa na paswadi moja

Wasee, leo tubonge kuhusu meinfremu. Najua nusu yenu mshatoka hapo. Waliobaki mnisikize, kwa sababu hii stori inahusu pia yule kijana wa ofisi anayetumwa chai asubuhi na mchana anatumwa kuwasha seva upya.

Swali lenyewe ni rahisi. Kuna kompyuta moja kubwa, na ndani yake kuna seva mia moja. Je, mtu awe na paswadi mia moja, ama ile mashine kubwa imtambue yeye na seva zote zikubali neno lake? Mimi niko upande wa pili, bila aibu. Shida ni kwamba ukitaja kuingia kwa pamoja, watu wanafikiria ile paswadi moja iliyowekwa kwa grupu ya WhatsApp ya ofisi, inayojulikana hadi na jamaa aliyeacha kazi mwaka juzi. Hiyo ni kitu ingine kabisa, na nataka tuitenganishe leo, kwa sababu huo mchanganyiko unaumiza vijana.

Fikiria ploti ya Pipeline. Jengo refu, geti moja, vyumba themanini, tangi moja la maji juu ya paa. Kila mpangaji ana mlango wake na anaishi ni kama jirani hayuko, mpaka jirani afungulie muziki. Meinfremu ya IBM inayoendeshwa na z/VM ni ploti ya namna hiyo. z/VM ndiyo mwenyeji: inagawa chuma kimoja kiwe mashine nyingi za kuigiza, na kila mgeni anaamini ana kompyuta yake mwenyewe, na memori yake, diski zake, hata konsoli yake. Wageni wengi siku hizi ni Linux. Wazo lenyewe ni zee kuliko wazazi wa wengi wenu. IBM ilitangaza VM/370 mwaka wa 1972, baada ya majaribio ya miaka ya 60 kule Cambridge, Massachusetts. Na usifikirie ni mambo ya makumbusho. Ukikodi kaseva ka bei nafuu mtandaoni uweke tovuti ya nguo zako za mtumba, wewe pia ni mgeni ndani ya mashine ya mtu.

Sasa kila mgeni ana milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mwenyeji: unaingia z/VM na kufungua konsoli ya ile mashine ya kuigiza, ni kama kukaa mbele ya skrini yake. Mlango wa pili ni wa Linux yenyewe, unapopitia kwa mtandao kama seva nyingine yoyote. Kienyeji, hiyo milango miwili haijuani. Mwenyeji ana daftari lake la watu, na kila Linux ina daftari lake.

Piga hesabu. Timu ya watu kumi, seva mia: hizo ni akaunti 1,000 za kufungua, kubadilisha na kufunga. Hakuna binadamu atasimamia hiyo vizuri. Kinachotokea ni kwamba paswadi moja inarudiwa kila mahali na namba tofauti mwishoni, ama watu wanachoka kabisa na wote wanaingia kama root, yaani mwenye nyumba. Na mtu akiacha kazi, anafutwa kwa zile seva alizokumbukwa. Kuna ile moja ya majaribio hakuna aliyeikumbuka, na huko bado anaingia akiwa amelala kwake Rongai.

Hapa ndipo hoja yangu ya kwanza iko. Wanaouza huu mfumo wanauuza kama raha: paswadi moja, kichwa kipoe. Raha si mbaya. Lakini mimi ningeukubali hata kama ungekuwa unasumbua, kwa sababu ya siku ya kuondoka. Mtu amefutwa kazi saa nne asubuhi. Saa nne na dakika moja unamfunga sehemu moja, na seva zote mia zinamkataa. Ukilinganisha na mtu wa IT anayepita seva moja moja na karatasi mkononi hadi jioni, manze, hakuna mjadala.

Lakini lazima uulize mwenyeji mwenyewe anaweka siri vipi. Hii ni sehemu inashangaza watu. z/VM ikiwa peke yake, bila programu ya ziada ya usalama, paswadi zake zinakaa kwenye faili la orodha ya watumiaji, kwa kawaida linaitwa USER DIRECT, na zimeandikwa wazi wazi. Yeyote anayeweza kusoma hilo faili anasoma paswadi ya kila mtu kama anasoma menyu ya kibanda.

Na tunajua hiyo inaishia wapi, kwa sababu ilishatokea zamani. Miaka ya mwanzo ya 60, chuo cha MIT kilikuwa na mfumo unaoitwa CTSS, wa timu ya Fernando Corbató, moja ya mifumo ya kwanza kabisa kumpa kila mtumiaji paswadi yake. Mwaka wa 1962, mwanafunzi wa uzamifu Allan Scherr alikuwa amepewa saa chache za kutumia mashine na hazikumtosha. Akaandika ombi kwenye kadi ya kutoboa, mashine imchapishie faili la paswadi. Ikamchapishia. Akaanza kutumia saa za wengine. Yaani paswadi zilikuwa hazijakomaa vizuri na tayari mtu ameshazipiga pata potea akashinda.

Dawa ya upande wa IBM inaitwa RACF, imekuwepo tangu 1976. Ukiiweka kwenye z/VM, paswadi zinatoka kwenye faili la wazi zinahamia kwenye hifadhi yake, zikiwa zimefumbwa, na RACF ndiyo inaulizwa kila mara mtu anapobisha hodi. Pia inaandika nani ameingia, saa ngapi, na nani amekosea. Huyo sasa ni soja wa geti anayejua kazi. Msimamo wangu ni kwamba kama mwenyeji wako bado anatumia faili la wazi, usiunganishe mgeni hata mmoja. Safisha nyumba kwanza.

Baada ya hapo Linux inaunganishwaje? Wengi wanadhani paswadi zinanakiliwa kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa wageni. Hapana, na hapa ndipo utamu upo. Linux ina kisehemu kinaitwa PAM, ambacho kazi yake ni kuamua nani wa kuulizwa mtu anapotaka kuingia. Badala ya kuangalia daftari la hapo ndani, PAM inaambiwa iulize seva ya LDAP. LDAP ni lugha ya kuulizia orodha za watu, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 90, na tangu z/VM 5.3 ya mwaka wa 2007, seva yake inakuja pamoja na z/VM na inaishi ndani ya ploti hiyo hiyo kama mpangaji mwingine. Kwenye hiyo orodha kuna mambo ambayo Linux inahitaji: namba yako, folda yako ya nyumbani, programu ya kuanzia. Paswadi haipo. Kuna tu alama inayosema, "huyu kwa RACF anaitwa fulani." LDAP inapeleka ulichoandika kwa RACF, RACF inajibu ndiyo ama la, jibu linarudi. Linux mia moja, na hakuna hata moja inayohifadhi siri yako.

Ona tofauti. Kilichotumiwa na wote hapo ni mlinzi. Siri imebaki yako peke yako, na jina lililoandikwa kwenye kitabu cha geti ni lako.

Kwa upande wa konsoli kuna kitu kingine ninachokipenda zaidi, na hakitajwi vya kutosha. Mashine ya kuigiza, tuseme inaitwa LINUX01, si mtu. Lakini nayo ina jina la kuingilia, na zamani ilibidi timu nzima ijue paswadi yake ili wafungue konsoli. z/VM ina njia inayoitwa LOGONBY: unaingia kama LINUX01 lakini unathibitisha kwa jina na paswadi yako mwenyewe. Msimamizi ndiye anaandika mapema nani anaruhusiwa kufanya hivyo. Paswadi ya LINUX01 yenyewe haijulikani na mtu yeyote, na inawezekana isiwepo kabisa. Konsoli ikifunguliwa saa nane usiku, rekodi inasema ni nani.

Kwa nini hii inanikera sana? Kuna dada mmoja tulisoma naye, alikuwa atachimenti kwa ofisi fulani hapa Nairobi. Siku ya kwanza akaambiwa akaunti yake itatengenezwa wiki ijayo, kwa sasa atumie ya kila mtu. Wiki ijayo haikufika. Mwezi wa pili data fulani ikafutwa, usiku. Ukiangalia rekodi, aliyefuta ni root. Watu sita walikuwa root. Watano walikuwa wameajiriwa, wana familia, wana mkopo wa sako. Malizia hesabu mwenyewe. Hakushtakiwa, lakini barua ya kumaliza atachimenti hakupewa, na chuo kinataka hiyo barua. Hakuna aliyethibitisha ni yeye. Hakuna pia angeweza kuthibitisha si yeye, na hilo ndilo paswadi ya pamoja inakufanyia: inakunyima ushahidi wako.

Na sheria haijalala. Ile Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 ina kifungu cha 19, kinachosema ni kosa kufichua paswadi ya mfumo wa kompyuta kwa kujua na bila ruhusa. Sasa jiulize ile grupu ya WhatsApp inasimama wapi, hasa kama wewe ndiye ulimforwadia mwenzako.

Haya, upande mwingine. Kuna hoja nzuri dhidi yangu na siwezi kujifanya sizioni.

Ya kwanza kila mtu anaijua: mlinzi akilala, ploti nzima imefungiwa nje. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika karibu masaa sita. Zilizimika kwa sababu ya njia za mtandao, si za paswadi, lakini angalia kilichofuata: vifaa vya ndani vya kampuni vilitegemea mtandao huo huo, hadi ikaripotiwa wafanyakazi walikwama milangoni kwa sababu kadi zao hazikusomeka. Na watu waliokuwa wanaingia kwenye programu nyingine kwa akaunti ya Facebook nao wakabaki nje. Huku kwetu, mwisho wa Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi ya uongo. Hawakuiba akaunti, waliziba tu mlango, na kwa sababu maelfu ya huduma za serikali yanapitia mlango huo mmoja, watu wa pasipoti, wa leseni, wa viza, wote walikaa.

Hii ni hoja dhidi ya kuwa na mlinzi mmoja asiye na msaidizi. Kwenye z/VM unaweza kuwa na seva mbili za LDAP, Linux ikikosa moja inauliza ya pili. Na ukweli ni kwamba mwenyeji akizima kabisa, wageni wote wamezima pia, kwa hiyo ule woga wa kutegemea mwenyeji tayari ulishaukubali siku ulipohamia ploti.

Ya pili inaniuma zaidi. Nimesema Linux haihifadhi paswadi yako. Ni kweli. Lakini inaiona. Unapoiandika inapita hapo kabla ya kupelekwa kwa mlinzi. Kwa hiyo mtu akishateka mgeni mmoja, tuseme ile seva ya majaribio ambayo hakuna anayeisasisha, anaweza kukaa hapo na kunasa paswadi za wote wanaoingia. Na sasa paswadi hiyo inafungua seva mia. Ungekuwa na paswadi mia tofauti, angepata moja tu. Sina jibu la kuifuta hii hoja. Kuna la kuipunguza: usiweke vyumba vya majaribio chini ya mlinzi mmoja na vya pesa, na pale inapowezekana usiandike paswadi kwa mgeni kabisa. Kerberos, iliyotengenezwa MIT miaka ya 80, ilibuniwa kwa shida hii hii. Unajithibitisha mara moja kwa mlinzi, unapewa tiketi ya muda mfupi, na mgeni anaona tiketi tu. Funguo za SSH zinafanya kazi inayokaribia hiyo. Kazi ni zaidi kidogo. Ifanyike.

Kuna pia utundu mdogo wa RACF. Ukikosea paswadi mara kadhaa, idadi iliyowekwa na msimamizi, inakufungia. Ni sawa kabisa, mpaka ukumbuke kwamba mlinzi ni mmoja. Mtu akikaa kwenye seva ya pembeni akibahatisha paswadi ya bosi, bosi anafungiwa kila mahali, hata kama hajagusa kompyuta. Ni usumbufu tu, hakuna kilichoibiwa, ila ukitokea siku ya kulipa mishahara utajua hujui.

Na hoja ya tatu: je, mlinzi mwenyewe akiibiwa kitabu? Ilitokea Uswidi. Mwaka wa 2012 iligunduliwa kwamba watu waliingia kwenye meinfremu ya kampuni ya Logica, wakanakili hifadhi ya RACF na kwenda kuzivunja paswadi polepole wakiwa nje. Mmoja wa waanzilishi wa The Pirate Bay alitiwa hatiani mwaka uliofuata. Sehemu ya shida ilikuwa umri: kwa miaka mingi paswadi ya RACF haikuzidi herufi nane, na ufumbaji wake ulikuwa wa enzi nyingine. Leo inakubali sentensi ya siri hadi herufi 100 na ina ufumbaji mzito zaidi, lakini hakuna anayekuwashia ukiwa umelala. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa hizi mashine imegeuka: mwenyeji akiwa mzembe, wageni ndio wanaumwa.

Kitu kimoja nikipitie haraka kwa sababu kinachanganya sana: kutambuliwa getini si kupewa chumba. RACF ikisema "ndiyo, ni yeye," bado kila Linux inafaa iangalie kama uko kwenye kikundi kinachoruhusiwa hapo. Ofisi nyingi zinaunganisha mlinzi na kusahau hiyo hatua, halafu mtu wa picha na video anajikuta ndani ya seva ya malipo. Soja akikujua haimaanishi uingie kwa Mama Brayo ujipakulie.

Inabaki ile akaunti moja ambayo nakubali isiungwe popote: root ya hapo ndani ya kila mgeni, ya siku ambayo LDAP haiamki. Hiyo inafaa ibaki. Paswadi yake ndefu, ya kubahatishwa na mashine, tofauti kwa kila seva, imeandikwa na kufungwa kwenye bahasha, bahasha imetiwa sahihi na watu wawili na imewekwa kwa sefu. Ikifunguliwa, kila mtu anaona imefunguliwa, sababu inaandikwa, na paswadi inabadilishwa siku hiyo hiyo. Wasee wa IT mtasema hiyo ni ya kizamani. Sawa. Grupu yenu ya WhatsApp ina watu wangapi sasa, na wangapi bado wanafanya kazi hapo?